Mimba ya wiki 9 na uchovu usioisha: nilale au niendelee na mazoezi?

Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 27, naishi Mwanza, na mimba yangu ya kwanza ina wiki 9. Nauza kwenye duka la jumla, nasimama kaunta kuanzia saa 2 asubuhi mpaka saa 12 jioni. Kabla ya mimba nilikuwa nakimbia kilomita 5 mara tatu kwa wiki. Sasa naamka nimechoka kana kwamba sijalala, mchana macho yanafumba yenyewe, na nikisimama sana napata kizunguzungu. Mama mkwe anasema mimba changa haitaki mtikisiko, nilale tu. Dada yangu anasema nikilala nitakuja kupata shida ya kujifungua. Nimsikilize nani? Na kile kinywaji cha kuongeza nguvu cha dukani kina ubaya?

Jibu: Marahaba mama, na hongera. Kabla hujachagua upande kati ya mama mkwe na dada, kuna kipimo kimoja lazima kitangulie: wingi wa damu, kile wahudumu wanachokiita HB. Uchovu wa kawaida wa mimba changa na uchovu wa upungufu wa damu vinafanana mno, na kizunguzungu kipo kwenye vyote viwili. Hata mkunga mzoefu hawezi kuvitenganisha kwa kukutazama viganja na macho peke yake. Ushauri wote wa kulala au kutembea unategemea namba hiyo.

Kinachoendelea mwilini mwako, ukikijua utaacha kujiona mvivu. Homoni ya projesteroni imepanda sana tangu wiki za mwanzo. Inalegeza misuli laini, kwanza ya mji wa mimba ili usijikaze, lakini pia ya utumbo na ya kuta za mishipa ya damu. Ndiyo maana choo kinakuwa kigumu, chakula kinakaa tumboni muda mrefu, na presha inashuka kidogo. Homoni hiyohiyo huleta usingizi. Wakati huohuo mwili umeanza kuongeza damu, na kufikia miezi ya mwisho itakuwa imezidi ile ya kawaida kwa asilimia 40 hadi 50. Moyo tayari unapiga haraka kuliko zamani hata ukiwa umekaa. Kondo la nyuma nalo linajengwa wiki hizihizi. Tumbo bado ni lilelile, kwa hiyo kazi hiyo yote haionekani: mwenye duka haioni, mumeo haioni, na wewe mwenyewe unabaki kujiuliza umepatwa na nini.

Kwa wanawake wengi hali hii hulegea kati ya wiki ya 12 na ya 14, kisha uchovu wa aina nyingine hurudi miezi mitatu ya mwisho kwa sababu ya uzito na usingizi wa kukatika. Ukipita wiki ya 14 bila nafuu yoyote, usiambiwe kwamba ndiyo mimba ilivyo. Hapo kuna sababu ya kutafutwa.

Sasa kliniki. Kama hujaanza, nenda wiki hii. Hudhurio la kwanza linatakiwa kufanyika kabla ya wiki ya 12, na wengi tunaokutana nao wakiwa na HB ya 7 au 8 tu ni wale waliosubiri tumbo lionekane kwanza. Utapimwa damu, presha, mkojo, malaria, VVU na kaswende, na utapewa chandarua chenye dawa. Usiruke kipimo cha mkojo hata kama husikii maumivu, kwa sababu maambukizi ya njia ya mkojo kwa mjamzito yanaweza kujificha yakaleta uchovu na homa ndogondogo tu. Kwa kuwa unaishi kando ya Ziwa Victoria, taja mwenyewe jambo la kichocho ikiwa ulikulia ufukweni, uliwahi kuoga au kufua ziwani. Kichocho na minyoo hunyonya damu polepole kwa miaka, na mimba ikija inakuta akiba imekwisha. Dawa za minyoo hutolewa baada ya miezi mitatu ya kwanza, kwa hiyo usizinunue sasa.

Namba zenyewe zisomwe hivi. HB ya 11 (gramu kwa kila desilita ya damu) au zaidi katika kipindi hiki ni sawa, na uchovu wako yaelekea ni ule wa kawaida niliouelezea. Kati ya 10 na 10.9 upungufu ni mdogo. Kati ya 7 na 9.9 ni wa kati: utapewa dozi ya tiba ya madini ya chuma, na mazoezi yako yaishie kwenye kutembea polepole mpaka damu ipande. Chini ya 7 ni upungufu mkali, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo, na habari ya mazoezi inasubiri. Ukianza tiba, omba kipimo kirudiwe baada ya wiki 4. Kama damu haijapanda walau gramu 1 na vidonge umevimeza kweli, sababu ni nyingine: malaria, minyoo, selimundu (ugonjwa wa kurithi wa seli za damu) au jambo jingine. Mwenye selimundu asimeze madini ya chuma bila kauli ya daktari.

Hata kama damu yako ni nzuri utapewa vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki, kimoja kila siku. Kinga ya kila siku ni miligramu 30 hadi 60 za chuma na mikrogramu 400 za asidi ya foliki. Wengi huviacha ndani ya wiki mbili kwa sababu tatu: kichefuchefu, choo kigumu, na hofu ya choo kuwa cheusi. Choo cheusi ni mabaki ya chuma, hakina madhara. Kichefuchefu hupungua ukimeza kidonge usiku unapokwenda kulala, pamoja na kipande cha chakula. Kosa kubwa zaidi ni chai. Chai ya rangi, kahawa na maziwa huzuia chuma kisiingie mwilini, na kwetu watu humezea kidonge chai ya asubuhi, kikapita bure. Meza kwa maji au kwa maji ya machungwa, mapera au limau, kisha chai isubiri saa moja au mbili.

Tahadhari moja ambayo maduka ya dawa hayaisemi. Kuna vidonge vya asidi ya foliki vya miligramu 5, vinauzwa bei ndogo, na watu hununua wakidhani vingi ndiyo bora. Kiasi hicho ni zaidi ya mara kumi ya unachohitaji, na kinadhoofisha dawa ya SP utakayoanza kupewa kliniki kuzuia malaria kuanzia wiki ya 13. Usitumie cha miligramu 5 isipokuwa daktari amekuandikia kwa sababu maalumu. Na SP yenyewe usiinunue leo, muda wake haujafika. Ukipata homa sasa hivi, nenda ukapimwe malaria siku hiyohiyo. Dawa ya malaria kwa mimba changa huchaguliwa na mhudumu, si na muuza duka.

Upande wa chakula, habari ya kula kwa wawili iweke kando kwanza. Miezi mitatu ya mwanzo mwili hauhitaji karibu nyongeza yoyote ya wingi wa chakula. Unachohitaji ni chakula kisichokuacha njiani saa 4 asubuhi. Chai ya sukari na maandazi mawili hupandisha sukari haraka na kuishusha haraka, na ikishuka ndipo unaanza kutafuta pa kuegemea. Weka protini asubuhi: uji uliochanganywa na karanga zilizosagwa, au kiazi kitamu na yai lililochemshwa vizuri, au kiporo cha maharage na chapati. Halafu kula kidogo kila baada ya saa mbili au tatu. Karanga za kiganja kimoja, ndizi mbivu moja, hivi vinakaa chini ya kaunta bila kuharibika kwa nusu siku. Tumbo tupu huongeza kichefuchefu, na kichefuchefu hukufanya usile, kwa hiyo kitu kikavu kidogo kabla ya kuinuka kitandani husaidia kuukata mzunguko huo. Tangawizi iliyochemshwa nayo ina msaada wa kweli.

Kuna wanaokwambia unywe bitiruti na rozela ili upate damu. Rangi nyekundu si chuma. Bitiruti ni chakula kizuri lakini chuma chake ni kidogo. Chuma kinachoingia mwilini kwa urahisi kipo kwenye nyama, samaki na dagaa, na wewe uko Mwanza, dagaa wapo mlangoni. Maharage, choroko, mchicha na matembele vina chuma kigumu zaidi kufyonzwa, kwa hiyo vikamulie limau au ule chungwa papo hapo. Maini usiyafanye mboga ya kila siku katika miezi hii, kwa sababu vitamini A iliyomo ni nyingi mno na ikizidi inaweza kumdhuru mtoto. Kama umeanza kutamani udongo, ule wa pemba unaouzwa sokoni, mwambie mkunga bila aibu. Tamaa hiyo mara nyingi ni dalili ya upungufu wa chuma, na udongo wenyewe hukamata chuma kidogo ulichonacho, tena unaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, au mayai ya minyoo.

Saa kumi za kaunta nazo zinakumaliza. Ukisimama bila kusogea, damu hushuka na kukaa miguuni. Mishipa iliyolegezwa na projesteroni inashindwa kuirudisha juu haraka, ubongo unapungukiwa, na kizunguzungu kinaingia. Vigimbi ndivyo pampu ya kuirudisha. Kila nusu saa nyanyua visigino mara 15, taratibu, ukishika kaunta. Weka kigoda kidogo au kreti tupu chini, pandisha mguu mmoja, ubadilishe baada ya dakika kumi. Kaa dakika tano kila saa. Stuli ndefu nyuma ya kaunta inakuwezesha kuuza ukiwa umekaa. Kunywa maji kidogokidogo, jumla ya lita 2 hadi 2.5 kwa siku ukihesabu uji na supu, na sehemu kubwa uimalize kabla ya magharibi ili usiku usiamke mara nne kwenda chooni. Kizunguzungu kikianza, usijikaze mbele ya mteja: kaa chini au lala kwa ubavu mpaka kiishe.

Mizigo igawanye. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 kabla hujaihesabu ndoo yenyewe. Beba lita 10 mara mbili. Katoni za dukani abebe mwingine. Hili unaweza kumwambia mwajiri bila woga. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamkataza mwajiri kumpa mjamzito kazi yenye hatari kwa afya yake au ya mtoto. Cheti cha mkunga au daktari kinachotaja kukaa na kutobeba mizigo hurahisisha mazungumzo kuliko maelezo ya mdomo.

Sasa la mama mkwe na dada. Mama mkwe ana hofu ya mimba kutoka, na hofu hiyo naiheshimu, ila sababu anayoitaja siyo. Takriban nusu ya mimba zinazotoka miezi mitatu ya mwanzo, pengine zaidi, hutoka kwa kasoro za kromosomu zilizokuwapo tangu mbegu zilipokutana. Kutembea, kupanda ngazi au kufanya kazi za kawaida za nyumbani hakuitoi mimba yenye afya. Kulala siku nzima, kinyume chake, kunaongeza choo kigumu na damu kukaa miguuni, kunaharibu usingizi wa usiku, na kesho yake unaamka umechoka zaidi. Dada yako yuko karibu na ukweli, ila kujikaza kukimbia kilomita 5 baada ya saa kumi za kusimama si mazoezi, ni kujimaliza.

Kipimo cha Shirika la Afya Duniani kwa mjamzito asiye na tatizo la kiafya ni dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Usianzie hapo. HB ikishapimwa, wiki mbili za kwanza tembea dakika 10 asubuhi na dakika 10 jioni, siku tano. Hizo ni dakika 100. Ukiona unazimudu bila kulala chali ukifika nyumbani, ongeza ziwe 15 na 15, tayari umefika 150. Mwanza ni mji wa miinuko na mawe, hivyo wiki hizi za mwanzo tafuta barabara tambarare, na milima uiachie mwezi wa nne wa mimba. Mwendo sahihi ni ule unaokuwezesha kuongea sentensi nzima. Ukishindwa kumsalimia mtu na kumuuliza habari za nyumbani bila kuhema katikati, punguza. Toka kabla ya saa 2 asubuhi au baada ya saa 11 jioni. Joto la mwili kupanda sana halifai katika kipindi hiki. Siku uliyotapika mara nyingi au una homa, acha, wala usiifidie kesho.

Kukimbia hakujakatazwa kwa mtu aliyekuwa anakimbia kabla ya mimba. Subiri HB ithibitishwe, na usubiri nguvu irudi. Ikirudi, changanya: dakika 5 za kutembea, kisha kimbia dakika 1 na utembee dakika 2, rudia mara 5, malizia kwa kutembea. Ukizoea ongeza dakika za kukimbia, si kasi. Sidiria yenye kushika vizuri ni lazima, matiti ya mimba changa yanauma. Acha michezo ya kugongana na yenye kuanguka. Kuogelea ni zoezi zuri sana la mimba, lakini si ziwani, kwa sababu ya kichocho nilichokitaja. Bodaboda si zoezi wala si dawa ya kutembea. Ukilazimika kupanda, vaa kofia ngumu na umwambie dereva akwepe mashimo.

Mara mbili kwa wiki ongeza nguvu ya misuli nyumbani, dakika 10 tu. Kaa na kuinuka kwenye kiti bila kushika, mara 10. Sukuma ukuta kwa mikono, mara 10. Pumzika dakika moja, urudie. Kila siku bana misuli ya chini, ile unayoitumia kuzuia mkojo: bana kwa sekunde 5, legeza kwa sekunde 5, mara 10, asubuhi, mchana na usiku, huku ukipumua kawaida. Usiifanyie mazoezi wakati unakojoa, kukatakata mkojo kunaacha mabaki kwenye kibofu.

Usingizi wa mchana upo kwenye tiba, si uvivu. Dakika 20 hadi 30 wakati wa chakula cha mchana zinatosha, hata kwenye mkeka wa stoo. Ukizidisha saa moja utaamka mzito na usiku utakesha. Kwa sasa lala mkao wowote unaokupendeza. Habari ya kulala ubavu inakuwa na uzito miezi ya mwisho, tumbo likishakuwa kubwa. Usiku lenga saa 8, na hiyo maana yake kuna mtu mwingine wa kuosha vyombo. Mumeo asome aya hii.

Mazoezi yasimame mara moja, na uende kituo cha afya siku hiyohiyo, ukiona damu ukeni, maumivu makali ya tumbo, moyo kwenda mbio ukiwa umekaa, pumzi kukata kabla hujafanya kazi yoyote, maumivu ya kifua, kuzimia, au kigimbi kimoja kuvimba na kuuma. Maumivu ya upande mmoja wa tumbo la chini, hasa yakifuatana na kizunguzungu, kuzimia au maumivu ya ncha ya bega, yanaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi. Usingoje asubuhi, hata kama damu haitoki. Ukitapika kila kitu hata maji kwa siku nzima na mkojo ukawa mchache na mweusi, unahitaji dripu, si tangawizi. Na kama uchovu unakuja na huzuni ya kila siku kwa wiki mbili, hamu ya kila kitu imekufa na unalia bila sababu, mwambie mkunga hivyohivyo. Sonona huwapata wajawazito pia, na ina matibabu.

Kuhusu kinywaji cha dukani: kiache. Kopo la mililita 250 huwa na takriban miligramu 80 za kafeini na sukari inayokaribia vijiko 7 vya chai, na makopo mengi yameandikwa ubavuni kwamba hayafai kwa wajawazito, ni vile maandishi ni madogo. Ukomo mzuri wa kafeini kwa siku ni miligramu 200. Kikombe cha kahawa kina kama 100, cha chai ya rangi kati ya 40 na 75 kulingana na ukali wake. Vikombe viwili vya chai nyepesi vinaingia humo bila shida, mradi viwe mbali na chakula na mbali na kidonge, na cha mwisho kiwe kabla ya saa 9 alasiri.